Spidi ipo ila simu zinakata: dada wa Kariakoo, subiri kwanza usinunue kitu

Swali limetoka kwa dada mmoja mwenye ofisi ya kutoa na kusafirisha mizigo Kariakoo, nimelifupisha kidogo:

"Kaka habari za kazi. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, tuko watu tisa, tumefungiwa faiba ya megabiti 20. Tukipima spidi inasoma 20 kamili na YouTube inacheza bila kukwama, ila tukipiga WeChat kwa mawakala wetu Guangzhou au WhatsApp kwa wateja, mchana sauti inakuwa kama roboti, inakata, na mara nyingi mimi namsikia mwenzangu vizuri ila yeye hanisikii. Fundi wa kwanza kasema nipandishe bando niende 50. Wa pili kasema ninunue rauta ya antena sita. Wa tatu kasema WhatsApp ndo mbovu, nifunge simu za mezani za IP. Nani mkweli? Na hivi hizi rauta, swichi, modemu, tofauti yake ni nini hasa, mana kila fundi anakuja na jina lake."

Dada yangu habari ni nzuri, pole sana na hiyo hali, najua mteja akisikia sauti inakatika katika, cha kwanza anachofikiria ni kwamba umemkwepa. Nikujibu kwanza alafu ndo nieleze. Hao mafundi watatu sidhani kama kuna aliyetaka kukuibia, ila wote wamekuandikia dawa bila kupima, na kwenye maelezo yako kuna dalili moja kubwa ambayo hakuna hata mmoja aliyeiuliza: we unamsikia, yeye hakusikii. Hiyo sentensi ina thamani kuliko rauta ya antena sita. Nitaifikia, ila ili uielewe inabidi nikueleze kidogo sauti yako inasafiri vipi mpaka Guangzhou, mana ukishaelewa hapo hata fundi wa nne akija utajua pa kumbana.

Ukiongea kwenye simu ya intaneti, sauti haiendi kama maji kwenye bomba, inakatwa vipande. Kwenye mfumo wa simu wa kawaida wa kidijitali sauti inapimwa mara 8,000 kwa kila sekunde, kila kipimo kinaandikwa kwa biti 8, kwa hiyo unapata biti 64,000 kwa sekunde, yani kilobiti 64. Simu ya intaneti inachukua hiyo sauti inaikata vipande, kawaida kila kipande kina sauti ya milisekunde 20, sekunde moja ina vipande 50, alafu kila kipande kinafungwa kwenye bahasha yake na kuandikwa anwani ya anakotoka na anakokwenda. Hiyo bahasha ndo wanaiita paketi. Ukijumlisha sauti na bahasha unafika kama kilobiti 80, na ukiingiza na vifungashio vya kwenye waya wa ofisini inakuwa 87 hivi. Na hapo nimechukua njia ya zamani isiyobana sauti kabisa, WhatsApp wao kwa miaka mingi wametumia kodeki, yani programu ya kubana sauti, inaitwa Opus, ilikamilishwa 2012, hiyo inaweza kushuka mpaka kilobiti 6 na bado mtu akasikika.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Megabiti 20 ni kilobiti 20,000. Ofisi nzima watu tisa mkipiga simu kwa pamoja kila mtu na wake hamfiki hata megabiti 1. Kwa hiyo mtu akikwambia sauti inakata kwa sababu 20 ni ndogo muulize hiyo 19 nyingine imeenda wapi. Hilo swali ni la kweli kabisa, mana kuna mahali imeenda, na tutaenda kuitafuta.

Lakini kwanza hili la YouTube, mana linawachanganya wengi sana. YouTube inacheza vizuri kwa sababu video ile ipo tayari, imeshatengenezwa, simu yako inaivuta mbele ya pale unapoangalia, ule mstari wa kijivu unaotangulia ndo huo, kwa hiyo mtandao ukiyumba sekunde tano we huoni kitu, unakula akiba. Simu haina akiba. Neno ambalo hujalisema haliwezi kuvutwa mapema! Na ndo mana kipimo cha spidi hakikusaidii hapa, kile kinapima mzigo kiasi gani umepita kwa sekunde chache, hakikwambii umepita kwa mpangilio gani. Simu haitaki njia pana, inataka njia iliyotulia. Ningependa ulikumbuke hilo kabla hujatoa hela kwa mtu yeyote.

Chukulia daladala za kutoka Mbagala. Pale stendi zinaondoka moja kila dakika tano, safi, lakini ukikaa huku Kariakoo unaona dakika ishirini hamna kitu alafu zinakuja nne zimefuatana. Idadi ni ile ile, mpangilio ndo umeharibika njiani. Paketi za sauti zinaondoka kwenye simu yako moja kila milisekunde 20, zikifika zimeshikana hivyo simu ya mwenzako inajitahidi kuzishikilia kidogo ili izitoe kwa mwendo sawa, ila haiwezi kusubiri sana mana mazungumzo yatachelewa, kwa hiyo iliyochelewa kupita kiasi inatupwa, na pale palipokuwa na kipande kilichotupwa programu inakisia sauti ya kujazia. Ile sauti ya roboti unayoisikia ndo hiyo, ni makisio ya kompyuta kwenye nafasi ya maneno yako. Kwenye meseji paketi ikipotea inaombwa tena inatumwa upya, we unaona tiki imechelewa tu. Kwenye simu hakuna faida kutuma upya, neno likifika sekunde mbili baadaye litakaa wapi? Ndo mana sauti inasafiri kwa utaratibu unaoitwa UDP, ukituma umetuma, hamna kusubiri risiti.

Kuna na kuchelewa kwenyewe, hili ni tofauti na kuyumba. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti itoke mdomoni kwa mmoja ifike sikioni kwa mwingine ndani ya milisekunde 150, na isizidi 400 kabisa. Ikizidi hapo watu wanaanza kugongana, wote mnaongea, wote mnanyamaza. Waliowahi kupiga simu za kompyuta kwenye intaneti kafe za Posta miaka ya 2000 wanakumbuka, wakati ule kabla ya nyaya za baharini intaneti yetu nyingi ilikuwa ya setilaiti, na setilaiti zile zinakaa juu kilomita karibu 36,000, sauti ipande ishuke tayari ni robo sekunde na mwenzako hajajibu bado. Nilikuwa naona mama mzima anaongea na mwanae yuko Uingereza, anasema haloo, anasubiri, anasema tena haloo, na ile haloo ya kwanza ndo inajibiwa. Waya wa baharini wa Seacom ulipofika Dar Julai 2009, mwaka uliofuata ukaja wa EASSy, hapo ndo simu za intaneti zikaanza kuwa simu. Guangzhou kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 8,000 kutoka hapa, mwanga kwenye faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata njia ikizunguka ikawa ndefu mara mbili bado safari ya kwenda ni chini ya milisekunde 100. Umbali wa China sio tatizo lako dada. Na wateja wako wa WhatsApp wapo Tandika na Mwanza nao wanakusikia roboti, hilo peke yake linaonyesha ubovu hauko baharini.

Sio kwamba baharini hakuharibiki. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo hizo mbili zilikatika kule kati ya Msumbiji na Afrika Kusini na Tanzania nzima tuliona moto. Ila siku ile kila mtu alilia, sio ghorofa yenu peke yake mchana tu.

Haya, turudi kwenye dalili. We unamsikia yeye hakusikii. Barabara ya intaneti ina pande mbili, ya kushusha na ya kupandisha. Sauti yake inakuja kwako kwa upande wa kushusha, huko hamna shida. Sauti yako inaenda kwake kwa upande wa kupandisha, huko ndo kumejaa. Ukipima spidi watu wote wanaangalia ile namba ya kwanza kubwa, rudia leo uangalie ya pili, ya kupandisha, vifurushi vingine kule wanakupa nusu au chini ya hapo na hakuna anayekuambia wakati wa kufunga.

Na ofisini nani anapandisha mchana? Hapa nitakisia, we utanisahihisha. Kamera. Ofisi ya mizigo Kariakoo bila kamera sijawahi kuiona. Kamera moja ya picha nzuri inatoa megabiti 2 mpaka 4 hivi muda wote. Zikirekodi kwenye kile kiboksi chake hapo hapo ofisini hazigusi intaneti, ila pale tu bosi anapofungua simu akiwa Tegeta kuangalia kamera zote nane kwa pamoja, au kamera zenyewe kama zimewekwa zihifadhi mawinguni, yani kwenye kompyuta za mbali kupitia intaneti, mzigo wote huo unatoka kwa mlango mmoja wa kupandisha. Ongeza simu za wafanyakazi tisa ambazo zikishika Wi-Fi tu zinaanza kupakia picha na video za WhatsApp za wiki nzima kwenye hifadhi za Google. Ongeza mtu anatuma makaratasi ya forodha aliyoskani kwa ubora wa juu kabisa bila sababu. Mlango umejaa.

Sasa sikiliza kinachotokea ndani ya rauta, mana hapa ndo penye utamu wa hii fani na mafundi wengi wanaparuka. Mlango ukijaa rauta haitupi paketi hapo hapo, inazipanga foleni. Na rauta nyingi za siku hizi zimewekewa foleni ndefu mno, mtengenezaji anaona anakusaidia paketi zisipotee. Matokeo yake kipande chako kidogo cha sauti, chenye milisekunde 20 tu ndani, kinajipanga nyuma ya msururu wa picha za kamera kama bodaboda iliyobanwa kati ya malori ya kontena barabara ya bandari. Kinafika, lakini kimechelewa nusu sekunde, na kikifika kimechelewa kinatupwa. Hakuna paketi iliyopotea, hakuna spidi iliyopungua, kipimo kinasoma 20, na simu haisikiki. Ukinunua 50 foleni itapungua kwa muda, kweli utaona nafuu, alafu kamera zikiongezwa mbili mnarudi pale pale.

Dawa yake mnaijua wote, mnaipanda kila siku. Mwendokasi ulipoanza 2016 barabara ya Morogoro haikuacha kuwa na foleni, ila basi lilipewa njia yake, kwa hiyo mtu wa Kimara anafika Gerezani magari mengine yamesimama. Kwenye rauta kuna sehemu ya kutoa kipaumbele, nyingi zinaandika QoS, unaiambia sauti ipite kwanza mengine yafuate. Na unaweka kikomo: kama namba yako ya kupandisha ni megabiti 10, iambie rauta isipitishe zaidi ya 9 au 8 na nusu, hapo foleni inajengeka ndani ya rauta unayoimiliki ambapo we ndo unaamua nani apite, badala ya kujengeka kwenye kifaa cha mtoa huduma ambako huna sauti. Watu wanaogopa kujipunguzia, wanaona wanapoteza megabiti waliyolipia, lakini hiyo megabiti moja unayoiacha ndo inayonunua utulivu wa simu zote tisa. Na kamera, kila kamera ina picha kubwa na picha ndogo, muwekee bosi kwenye simu yake aangalie ile ndogo, anaona mtu kaingia anaona mtu katoka, inamtosha, akitaka sura ya mtu atafungua moja.

Kabla ya kugusa hayo lakini, pima, mana mi naweza kuwa nimekosea kabisa na ugonjwa ukawa ndani kwenye Wi-Fi. Chukua laptopu ya Windows, fungua lile dirisha jeusi la amri, andika ipconfig, utaona mstari wa Default Gateway, mbele yake kuna namba kama 192.168.1.1, hiyo ni anwani ya rauta yako. Andika ping 192.168.1.1 -n 100 (kama namba yako ni nyingine weka hiyo), acha ihesabu mpaka mia. Alafu andika ping 8.8.8.8 -n 100, hiyo ni seva ya Google huko nje. Mwisho inakuonyesha zilizopotea ngapi, ya haraka milisekunde ngapi, ya polepole ngapi, wastani ngapi. Usikimbilie wastani, angalia tofauti ya ya haraka na ya polepole, huko ndo kuyumba kulipo. Kutoka kwenye laptopu mpaka rauta iliyo hapo hapo ofisini inatakiwa iwe milisekunde 1 au 2 kwa waya, kwa Wi-Fi tuseme chini ya 10 mara nyingi. Ukiona inaruka 3, 5, 240, 4, 310, basi sauti yako inaharibika kabla hata haijatoka mlangoni na hakuna bando duniani litakalotibu hilo. Ukiona mpaka rauta ni safi ila mpaka 8.8.8.8 inaruka, chomoa waya wa kamera kwa dakika kumi urudie. Ikitulia, umemshika mtu wako.

Sasa vifaa. Ulisema kila fundi anakuja na jina lake, na chanzo cha mkanganyiko ni kwamba kile kiboksi kimoja mlicholetewa na watu wa faiba kina vifaa vinne ndani, kila kimoja na kazi yake, ila vimepigwa plastiki moja. Kuna sehemu inayogeuza mwanga wa faiba kuwa umeme wa kwenye waya, zamani kazi ya namna hiyo ilifanywa na modemu kwenye waya wa simu ndo mana wengine bado wanaliita modemu, ile taa yake ikiwaka nyekundu imeandikwa LOS ujue mwanga hauji, piga simu kwao usihangaike ndani. Kuna rauta yenyewe, hii inakaa mpakani kati ya ofisi yako na dunia, inasoma anwani ya IP kwenye kila bahasha na kuamua ipite wapi. Kuna swichi, hayo matundu manne ya nyuma, swichi haijui mambo ya dunia, inajua tu kifaa gani kipo tundu gani kwa kusoma anwani ya MAC, ile namba ya herufi na tarakimu 12 ambayo kila kifaa kinatoka nayo kiwandani. Na kuna aksesi pointi, redio ya Wi-Fi, kazi yake ni kugeuza waya kuwa mawimbi basi.

Kwa hiyo mtu akikuambia "nunua rauta kubwa" muulize ni ipi kati ya hizo kazi imeshindwa. Mara nyingi atakuwa anamaanisha Wi-Fi haifiki chumba cha pili, na hiyo inatibiwa na aksesi pointi moja iliyovutiwa waya, rauta haihusiki. Nakwambia hili kwa uchungu kidogo mana nimekuta ofisi nyingi, watu wamenunua rauta ya pili madukani hapo hapo Kariakoo wakaichomeka kwenye ya kwanza kama ilivyotoka kwenye boksi. Kila rauta inagawa anwani kwa vifaa, sasa rauta mbili zikichomekana tundu la ndani kwa tundu la ndani zote mbili zinagawa, leo kompyuta imepata anwani kwa huyu kesho kwa yule, nusu ofisi ina intaneti nusu haina, printa imepotea, na kila mtu anamlaumu mtoa huduma. Kama mnayo ya pili, zima kazi yake ya kugawa anwani na ibaki aksesi pointi tu.

Na chunga nyaya. Kuna ofisi moja Mikocheni niliitwa, mtandao umekufa tangu asubuhi, wameshazima na kuwasha kila kitu. Mtu alikuwa amesogeza meza, akaona waya unaning'inia, kwa nia njema akauchomeka kwenye tundu la wazi la swichi, kumbe upande wa pili wa waya huo huo ulikuwa tayari umechomekwa kwenye swichi hiyo hiyo. Swichi za bei ndogo hazijui kujikinga na hilo, ujumbe wa kutangaza kwa wote unazunguka unarudi unazunguka unarudi mpaka mtandao mzima unajaa wenyewe. Swichi nzuri zina kinga yake, ilibuniwa na mama mmoja Mmarekani, Radia Perlman, mwaka 1985, na mpaka leo ndo inazishikilia ofisi nyingi duniani. Nilitumia saa nne kuutafuta ule waya. Toka siku ile nyaya zote ninazofunga naziwekea lebo pande zote mbili, na we mdai fundi wako afanye hivyo, pia mwambie akuonyeshe ndani ya waya ni shaba tupu, mana kuna nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba juu zinauzwa kwa jina lile lile na zinaanza kusumbua baada ya muda. Na urefu wa waya mmoja usizidi mita 100.

Wi-Fi ya Kariakoo ni habari nyingine, ghorofa moja ina ofisi arobaini na kila moja ina yake. Kwenye mawimbi ya gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, wote mnagombania hizo. Antena sita hazikuongezei chaneli hata moja. Hamisha simu na laptopu za kupigia kwenye gigahezi 5, haifiki mbali na ukuta wa zege unaikata, lakini huko kuna nafasi. Na kompyuta ya mezani ambayo haihami, mpe waya jamani.

Limebaki la simu za mezani za IP. Ni kitu kizuri, na ofisi ya watu tisa inastahili kuwa na namba moja inayopokelewa na yeyote, ila zikipita kwenye foleni ile ile ya kamera zitakuwa roboti vile vile, kwa hiyo hazitibu, zinakuja baada ya kutibu. Na zina ugonjwa wao. Ndani ofisini vifaa vyenu vyote vina anwani za ndani, zile za 192.168, nje mnaonekana kwa anwani moja tu. Ni kama sanduku la posta la ofisi, wote tisa mnatumia S.L.P. moja, barua ikirudi karani wa mapokezi anakumbuka nani aliandika ndo anampa. Rauta ndo huyo karani. Simu za IP zinaita kwa utaratibu wa SIP, na SIP ndani ya barua yenyewe inaandika "sauti nitumie kwenye 192.168 kadhaa", sasa mtu wa nje akituma huko haifiki, mana hiyo anwani haipo nje, ni sawa na kuandika kwenye bahasha "chumba cha pili kushoto" bila S.L.P. Simu inaita, inapokelewa, alafu upande mmoja kimya. Rauta nyingi zina kitu kinaitwa SIP ALG kinachojifanya kurekebisha hilo, na mara nyingi ndo kinachoharibu, fundi aanze kwa kukizima. WeChat na WhatsApp walishalitatua hili kwa seva zao za katikati, ndo mana kwako wewe naangalia foleni ya kupandisha kwanza.

Mkifika huko pia nunueni swichi inayopeleka umeme kwenye waya wa mtandao, simu moja inapewa mpaka wati 15 hivi na haihitaji adapta yake, alafu hiyo swichi, kiboksi cha faiba na rauta viweke kwenye UPS moja, yani betri ya akiba, umeme ukikatika simu zinabaki hewani. Na atakayewauzia namba hakikisheni ana leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Sasa dada fanya hivi. Kipimo cha pingi kifanye saa tano asubuhi ofisi ikiwa imechangamka na bosi anaangalia kamera, sio usiku mmeshafunga. Fanya mara tatu: laptopu ikiwa kwa Wi-Fi, ikiwa kwa waya, na kwa waya kamera zikiwa zimechomolewa. Kila mara niandikie ya haraka, ya polepole na zilizopotea, mpaka rauta na mpaka 8.8.8.8, pamoja na ile namba ya kupandisha. Ukinitumia hizo ntakwambia kama kuna kitu cha kununua, na kama kipo ntakwambia kimoja.